Kifungu cha Tisa

Katika Kituo cha Walalao, kule Makete, mgeni hupewa koti kabla hajaulizwa jina. Tusekile Mwambene hakuhitaji la kupewa. Alikuwa na lake, la sufu nzito ya kijivu, ambalo kwa miaka kumi na minne alikuwa akilivaa siku moja tu kwa mwezi, Jumamosi ya kwanza, na kulivua akirudi Dodoma kwenye joto.

Alifuata ujia wa zege mpaka safu ya nne, tangi la thelathini na saba, akafuta ukungu kwenye kioo. Lugano alikuwa vile vile. Ndevu alizoacha kunyoa siku tatu za mwisho za homa bado zilikuwa ndevu za siku tatu. Walipomlaza alikuwa amempita mkewe miaka mitano. Sasa Tusekile alikuwa na miaka arobaini na sita, na mumewe bado ana thelathini na saba.

Kwao Rungwe salamu ya asubuhi ni kumuuliza mtu kama amelala. Tangu Lugano alazwe, Tusekile hakuwahi tena kuitamka salamu hiyo mbele ya kioo kile. Alianza na habari tu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatizwa mlangoni.

"Muswada unaingia Kamatini Alhamisi," alimwambia. "Safari hii nadhani tutafika. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua, ndiyo maana sikuja naye."

Alikaa hapo nusu saa. Alipoinuka, Tweve alikuwa anamsubiri mwisho wa safu. Tweve alikuwa fundi mkuu wa baridi, Mkinga mfupi mwenye maneno machache, aliyeajiriwa kituoni kabla tangi la kwanza halijajazwa.

"Daktari, nina neno nawe," alisema, akamwongoza hadi chumba cha vipimo.

Kumlaza mtu ilikuwa kazi nyepesi. Wataalamu wa kigeni waliokuja mwaka wa homa ya mishipa walitoa damu ya mgonjwa, wakaingiza mahali pake dawa isiyoganda, kisha wakaushusha mwili joto taratibu mpaka ukawa mgumu kama kioo, bila chembe ya barafu ndani yake. Walilaza hivyo watu mia nne na kumi na wawili, wote wakiwa wamebakiza siku chache za kuishi. Mwaka wa tatu tiba ya homa ikapatikana. Kuamsha ndiko kulikoshinda. Joto lazima lifike kila sehemu kwa wakati mmoja. Ngozi ikiutangulia moyo, au upande mmoja wa ubongo ukautangulia mwingine, mwili unapata ufa, kama kioo cha chemli ya moto kilichorukiwa na tone la maji. Walijaribiwa watatu. Hakuna aliyefungua macho. Baada ya hapo wageni walifunga mizigo yao, kwa sababu wafadhili wao walikuwa wamepata swali jingine la kupenda.

Tweve alimwonyesha vichupa viwili kwenye mwanga wa dirisha. Cha kwanza kilikuwa na maji ya rangi ya asali. Cha pili kilikuwa kimefifia, na chini yake kulikuwa na mashapo.

"Hii ni ya mwaka ule. Hii nimeitoa wiki iliyopita," alisema. "Dawa imechoka, Daktari. Nimepima matangi yote mara tatu kabla ya kukuita."

"Tuna muda gani?"

"Miaka sita. Ikizidi sana saba, umeme usipokatika."

Tusekile alishika ukingo wa meza. Nje, jua la saa sita lilikuwa linawaka juu ya mashamba ya viazi, jua lisilo na joto.

"Huo muswada wenu ukipita," Tweve aliuliza, "hawa wataamshwa?"

"Ukipita, kutakuwa na mahali pa kuomba."

"Kuomba," alirudia Tweve, akavirudisha vichupa kabatini.

*

Waziri wa Maarifa, Mheshimiwa Abedi Shebughe, alikuwa na tabia ya kumiminia wageni kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu ile alimmiminia Tusekile kikombe, akamwekea na tangawizi, akamwuliza habari za Makete kama mtu aliyekwishajua jibu.

"Ripoti ya fundi imefika kwangu pia," alisema. "Pole sana, dada yangu."

"Ahsante, Mheshimiwa."

"Sasa tuongee siasa, maana ndiyo iliyotuleta." Alikaa, si nyuma ya meza yake bali kwenye kochi la mbele yake. "Kamati ina wajumbe ishirini na mmoja. Nimewapitia mmoja mmoja. Wote wanautaka huo Wakala wa Taifa wa Utafiti ambao muswada utauunda. Nani asiyeutaka? Tumechoka kuomba ruhusa ng'ambo ya kuchunguza magonjwa yetu wenyewe. Kinachowakwama kooni ni kifungu chako cha tisa."

Tusekile alikijua kifungu hicho kama anavyolijua jina lake, maana yeye, mtafiti wa Wizara aliyeuandaa muswada, ndiye aliyekiandika kwa mkono. *Maombi yote yatasomwa na watafiti wasiojua jina la mwombaji, na uamuzi wao utakuwa wa mwisho.* Muswada wa kwanza ulikufa kwa sababu ya kifungu kama hicho. Wa pili ulipitishwa bila hicho katika hatua za mwanzo, na ndani ya mwezi kila mkoa ukawa umeahidiwa maabara, nyingine mahali pasipo na hata mwalimu wa kemia, mpaka muswada wenyewe ukaanguka kwa uzito wa ahadi.

"Nataka tuongeze maneno matano," alisema Waziri. "'Baada ya kuridhiwa na Waziri.' Basi. Watafiti wako watasoma, watapima, watashauri. Mimi nitatia saini."

"Na usipotia?"

"Nitakuwa na sababu." Alifungua jalada, akatoa barua moja, akaisogeza karibu na kikombe chake. "Hii nitaitia saini siku ile ile sheria itakapoanza. Soma."

Barua ilikuwa fupi. Mradi wa kwanza wa Wakala utakuwa kuwaamsha walalao wa Makete. Watafiti wote watakaohitajika, vifaa vyote vitakavyohitajika, kwa miaka sita mfululizo. Tusekile alisoma mara moja, halafu akagundua kwamba anasoma tena, na kwamba macho yake yamesimama kwenye neno *kuwaamsha* na hayataki kusonga.

"Sikununui," Waziri alisema kwa upole. "Walalao ni watu mia nne. Wana wazazi, wana wake, wana kura. Nikisimama jukwaani Tukuyu wataniuliza habari zao. Hakuna atakayeniuliza kifungu cha tisa."

"Nakuamini, Mheshimiwa. Na atakayekuja baada yako?"

"Huyo simjui."

"Huyo ndiye ninayemwogopa."

Waziri alicheka kidogo, bila ubaya. "Chukua barua. Una mpaka Alhamisi."

Alipokuwa anashuka ngazi za Wizara, Tusekile alikumbuka jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu. Mwaka uliotangulia, ili kuwaonyesha wabunge kwamba kifungu cha tisa kinafanya kazi, alikuwa ameandaa jaribio. Maombi arobaini ya utafiti, majina yamefutwa, yaligawiwa kwa wasomaji kumi, naye akiwa mmoja wao. Ombi moja lilihusu kupasha joto miili iliyogandishwa. Lilikuwa limeandikwa kwa haraka, limejaa matumaini, na njia yake ilikuwa na matundu. Alilipatia alama nne kwa kumi. Kalamu ilikuwa tayari imeshuka mezani alipotambua kwamba alikuwa anamhukumu Lugano.

Angeweza kuigeuza ile nne ikawa tisa. Kalamu ilikuwa pale. Hakuigeuza, kwa sababu nne ilikuwa haki yake, na tangu siku hiyo amekuwa akiishi na alama ile kama mtu anayeishi na jiwe ndani ya kiatu.

*

Mama mkwe wake, Bibi Kisa, alikuwa akiishi naye Dodoma tangu mwaka wa homa. Wafiwa wawili wasiofiwa, majirani walisema. Tusekile alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda kivulini, anamenya ndizi mbichi na kuzitumbukiza kwenye beseni la maji. Hakuinua macho.

"Waziri kanipigia simu," alisema. "Mwenyewe, si katibu wake. Ananiita mama."

Tusekile aliketi kwenye ukingo wa kibaraza. Hasira ilimpanda, ikashuka, ikamwacha amechoka.

"Amekuambia nini, Mama?"

"Amesema kuna barua. Amesema mwanangu anaweza kurudi, na kwamba wewe ndiye umeshika mlango." Kisu kilipita kwenye ganda, kikapita tena. "Nikasema haiwezekani. Nikamwambia huyo mkwe wangu kwa miaka kumi na minne hajakosa Jumamosi hata moja. Nikasema labda umesikia vibaya, baba."

"Hakusikia vibaya."

Alimweleza yote. Alimweleza maneno matano, na jinsi Waziri mmoja akiweza kusema ndiyo kwa Makete, mwingine ataweza kusema hapana kwa mtu ambaye hana mkwe Wizarani. Alimweleza habari za mabwawa ya Kilosa yaliyoota mwani mwekundu, na watoto wanaokunywa maji yale na kupoteza macho kabla ya kufika darasa la tatu, na mtafiti mmoja kule ambaye kwa miaka mitano hakupata wa kumsikiliza, kwa kuwa mabwawa yale yalijengwa kwa mbwembwe za watu wakubwa na hakuna aliyetaka kusikia kwamba yana sumu. Alimweleza hata ile alama nne.

Bibi Kisa alisikiliza mpaka mwisho. Ndizi ya mwisho ilikuwa imeisha kumenywa zamani, naye bado alikuwa ameishika.

"Hao watoto nawaonea huruma," alisema. "Mungu anajua. Lakini siwajui. Lugano namjua. Namjua anavyokohoa. Najua anavyokula, anaanza na mboga anamaliza na ugali. Mimi nina miaka themanini na moja, Tusekile. Hiyo miaka sita yenu siihesabu kama mnavyoihesabu nyinyi."

"Mama, unafikiri mimi simtaki?"

"Najua unamtaka. Nakusikia unavyoongea na nafasi yake kitandani unapodhani nimezima redio nikalala." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Sikulaani, mwanangu. Ila usiniambie utakavyoamua. Acha nisikie redioni kama wengine."

Alibeba beseni, akaingia ndani, akamwacha Tusekile na maganda.

*

Ukumbi wa Kamati ulikuwa na baridi ya mashine, baridi isiyofanana hata kidogo na ya Makete. Waziri alikaa mstari wa mbele, miguu amekunja, akimwitikia Tusekile kwa kichwa kama rafiki. Barua ilikuwa ndani ya mkoba wa Tusekile. Usiku na mchana tangu Jumatatu alikuwa ameibeba, na mara mbili alikuwa ameamua kuikubali.

Maswali yalianza ya kawaida. Wakala utakuwa wapi. Mikoa itawakilishwaje. Halafu akainuka Mheshimiwa Siwatu Mkude, mbunge wa Kilosa, mwanamke mrefu aliyejulikana kwa kutosoma maswali kwenye karatasi.

"Dokta Mwambene, mimi nimepanga kupiga kura ya hapana," alisema. "Nakuambia mapema tusipotezeane muda. Kwetu watoto wanapofuka. Ninachotaka ni mtu wa kumshika shati. Waziri naweza kumshika shati. Hao wasomaji wako wasio na majina nitawashika wapi?"

Watu walicheka. Siwatu hakucheka.

"Na swali langu ni hili. Kila anayeleta sheria hapa ana kitu anachokitafuta. Kifungu hiki cha tisa kitakupa nini wewe, binafsi?"

Tusekile alisogeza kipaza sauti. Alikuwa ameandaa jibu la aya tatu kuhusu maslahi ya taifa. Halikuja.

"Kitaninyima, Mheshimiwa," alisema.

"Mume wangu ni mmoja wa walalao wa Makete. Tangi la thelathini na saba. Dawa inayomhifadhi imeanza kuharibika, ana miaka sita. Mwaka jana tulipojaribu kifungu hiki, ombi la kuwaamsha watu kama yeye lilishindwa. Nilikuwa mmoja wa walioliangusha. Lilikuwa ombi dhaifu. Ombi lililoshika nafasi ya kwanza lilihusu mwani wa kwenye mabwawa. Sikujua limeandikwa na nani wala wapi. Baadaye niliambiwa limetoka Kilosa."

Siwatu alikuwa bado amesimama. Mkono wake ulishuka polepole kwenye meza.

Ndipo Tusekile akafungua mkoba. Hakumtazama Waziri, kwa sababu alijua angeuona uso wa mtu ambaye hakumtendea ubaya wowote.

"Nimepewa barua hii. Inasema tukiongeza maneno matano kwenye kifungu cha tisa, mradi wa kwanza wa Wakala utakuwa wa kumwamsha mume wangu. Aliyeniandikia alikuwa na nia njema, naomba asionekane vingine. Ndani ya barua hii kuna kitu ninachokitaka kuliko chochote kilichopo duniani. Ningepiga magoti kwa ajili yake. Ndiyo maana nasema mtu mmoja asiwe na uwezo wa kuiandika. Kwa sababu leo nimeipata mimi, na mnaniona nilivyo. Ningeuza kila mtu."

Aliilaza barua mezani.

Kura zilihesabiwa saa tisa alasiri. Kumi na mbili dhidi ya tisa, kifungu kibaki kilivyo. Wengine walikuja kumpa mkono. Waziri alipita karibu yake, akasimama, akasema kwa sauti ya chini, "Ningekuamshia, dada. Kweli ningekuamshia." Tusekile alijibu kwamba anajua, na alikuwa anajua.

Nyumbani alikuta redio imezimwa na chakula kimefunikwa. Mlango wa chumba cha Bibi Kisa ulikuwa umefungwa. Waliishi hivyo wiki saba, wakisalimiana kwa adabu kama wapangaji.

*

Bunge lilipoupitisha muswada na Wakala kuanza, Tusekile alipelekewa barua ya kuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Aliirudisha na shukrani. Mkurugenzi haruhusiwi kuomba, naye alitaka kuomba. Alifunga nyumba ya Dodoma, akapanga vyumba viwili Makete, karibu na kituo. Siku ya kuhama Bibi Kisa alikuwa wa kwanza kukaa garini, kifurushi chake mapajani, amevaa masweta mawili.

Mwaka mzima Tusekile alifanya kazi na Tweve katika chumba cha vipimo. Waligandisha vyura wa milimani, wakawapasha joto kwa mawimbi ya sumaku yaliyopita ndani ya ile dawa yenyewe, ili joto lizaliwe kila mahali kwa pamoja badala ya kutoka nje kuingia ndani. Vyura wengi walipasuka. Mmoja moyo wake ulipiga kwa dakika nne, na Tweve, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alitoka nje akasimama peke yake kwenye shamba la viazi. Kutokana na hayo Tusekile aliandika ombi, kurasa ishirini, bila jina, bila hata neno moja kuhusu tangi la thelathini na saba.

Majibu yalikuja mwezi wa Juni. Maombi saba yalikubaliwa. Ombi la mabwawa ya Kilosa lilikuwa la kwanza, na siku hiyo hiyo Siwatu Mkude alimpigia simu, akawa anataja jina la Tusekile tu. Ombi la Tusekile lilikuwa la kumi na mbili.

Alibeba bahasha mpaka safu ya nne. Bibi Kisa alikuwa pale, kwenye kiti ambacho Tweve alimwekea, akisuka mkeka na kumwambia mwanawe habari za mvua.

"Wamekataa?" aliuliza, baada ya kuutazama uso wa mkwewe.

"Wamekataa, Mama."

Mikono ya kikongwe ilitulia juu ya ukindu.

"Mbona bahasha ni nene? Kukataa ni neno moja."

Tusekile alikuwa hajaifungua mpaka mwisho. Alitoa karatasi zilizobaki. Zilikuwa kurasa nne, mistari imesongamana, za msomaji ambaye jina lake halitajulikana. Alianza kusoma kimya, kisha akasikia mama mkwe wake akisema asome kwa sauti, na hao wengine nao wasikie.

"'Swali la mwombaji ni zuri na ningependa kuliona likijibiwa,'" alisoma. "'Njia ya sumaku ina mantiki. Lakini mwombaji anadhani dawa ilifika mwilini kote kwa kiwango kimoja. Je, ilifika kwenye mishipa midogo ya nyuma ya ubongo? Kama haikufika, sehemu hizo zitapata joto kutoka wapi? Vyura waliopasuka, walipasukia upande gani wa kichwa? Mwombaji hajasema. Ningeanzia hapo. Ombi lirudishwe mwakani.'"

Aliacha kusoma. Vyura arobaini na mmoja walikuwa wamehifadhiwa kwenye rafu ya Tweve, na hakuna aliyewahi kuuliza walipasukia wapi.

"Huyo aliyeandika," alisema Bibi Kisa, "anamjua Lugano?"

"Hamjui, Mama. Hajui hata kama mimi ni mwanamke au mwanamume."

"Mbona anauliza kama mtu anayemjua?"

Kwa miaka kumi na mitano Tusekile alikuwa ameamini kwamba katika nchi nzima ni wao wawili tu waliokuwa wakiwaza kilichomo ndani ya kichwa kile kilicholala, na kumbe mahali fulani, labda Mwanza, labda Mtwara, mtu alikuwa ameketi siku nzima mezani akiwaza mishipa yake midogo, akaandika kurasa nne, akaenda zake. Imebaki miaka mitano, labda chini ya hapo. Mwakani angeweza kushindwa tena. Aliyajua yote hayo, na machozi yaliyokuwa yakimshuka hakuyafuta.

Bibi Kisa aliuweka mkeka chini, akakivuta kiti chake karibu.

"Rudia hapo pa nyuma ya ubongo," alisema. "Polepole. Nataka nielewe."

Tusekile akarudi juu ya ukurasa, akaanza upya.